"Damu ya Mjamzito Kupungua ni Kawaida"... Nani Kawaambia?

Najua nilipotea. Kibarua cha huku Uingereza hakina adabu, unatoka zamu ya usiku unakuta baridi inakungoja mlangoni kama mdai. Wale mliozoea kuja hapa kuangalia picha za theluji mtanisamehe, leo sina picha. Leo nina hasira, na kwa kuwa wasomaji wangu wengi ni watu wa ukoo wangu, majirani wa Muheza na marafiki niliosoma nao, hasira yenyewe ni yenu. Kaeni tuzungumze.

Wiki mbili zilizopita binti yetu mmoja aliandika kwenye kundi la WhatsApp la familia kwamba amepimwa kliniki, mimba ina wiki 30, damu yake ni 7.6. Anachoka hata kufagia uwanja, akipanda kale kamlima ka kwenda kisimani moyo unamwenda mbio. (Naandika kwa ruhusa yake, na jina silitaji.) Nikakaa kuhesabu majibu yenu. Yalikuwa kumi na moja. Matano: "pole, Mungu atakutia nguvu." Matatu: "kunywa rozela." Mawili: "ndiyo mimba hizo, utazoea." Na moja, la mtu mzima ambaye mimi namheshimu mno: "Damu ya mjamzito kupungua ni kawaida, msimtie hofu mtoto."

Siku tatu baadaye kundi hilohilo likachangisha pesa za arobaini ya mzee wetu. Jioni moja tu, simu zinalia, laki sita na ushee zikapatikana. Sisemi msichangie arobaini. Nasema msiniambie tena kwamba hatuna pesa.

Hoja yangu naiweka mapema ili msichoke: damu pungufu kwa mjamzito ni jambo la kila siku, lakini si jambo la kawaida. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Malaria kwetu ni ya kila siku, lakini nani anasema mtoto kupandisha homa ni kawaida, mwacheni alale? Na yule mwanamke mnayemzika halafu mkasema "alitokwa na damu", mara nyingi hakuanza kufa siku ya uchungu. Alianza miezi mitano nyuma, nyumbani, sisi tukiangalia.

Najua hilo neno "kawaida" lilikotoka. Mwanamke akibeba mimba mwili unaongeza damu karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, ila maji ya damu yanaongezeka kuliko chembe nyekundu, kwa hiyo kipimo kinashuka kidogo. Huko kushuka kidogo ndiko kawaida. Wakubwa wa Shirika la Afya Duniani wanakujua, ndiyo maana kwa mwanamke asiye na mimba mstari wao uko 12 na kwa mjamzito wameushusha hadi 11, na miezi ya katikati hata 10.5. Yaani kawaida yenu ilishahesabiwa na kupunguzwa humo! Aliye na 7.6 hayumo ndani ya kawaida yoyote. Akifika chini ya 7 hiyo inaitwa hali mbaya, na kutoka 7.6 hadi huko ni homa moja tu ya malaria.

Na tuko wengi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta wajawazito 57 katika kila 100 wana upungufu wa damu. Huo wa 2022 ulikuta wanawake wa umri wa kuzaa kwa jumla ni 42 katika kila 100. Zaidi ya nusu ya wajawazito! Ingekuwa nusu ya ng'ombe wa kijiji wamekonda hivyo, bwana mifugo angeitwa asubuhi.

Sasa tupige hesabu ya siku ya kujifungua. Mimba ikishakomaa, kwenye kondo la nyuma inapita zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Kondo likibanduka, mfuko wa uzazi lazima ukaze ufunge ile mishipa, usipokaza damu inamwagika kama bomba. Mwenye damu 12 akipoteza nusu lita atapauka, atasikia kizunguzungu, atapona. Mwenye damu 6 akipoteza hiyohiyo moyo wake unaweza kushindwa hapo hapo kitandani. Ni kama kuondoka Tanga kwenda Dar huku taa ya mafuta imeshawaka tangu Segera. Gari si bovu na dereva si mzembe, ila safari ilianza bila akiba.

Mmesahau ya 2018? Mke wa binamu yangu alijifungua mtoto wa nne katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Mtoto alitoka salama, mama akatokwa na damu ambayo hata haikuwa nyingi ya kutisha. Damu ya kuongezewa haikuwepo. Ndugu wa kiume waliokuwa nje walipoambiwa waingie wachangie, mmoja akakumbuka ana presha, mwingine akaenda kuhamisha pikipiki hakurudi. Mama alifariki kabla ya alfajiri. Kwenye msiba nilisikia kwa masikio yangu, "siku zake zilifika." Kadi yake ya kliniki niliishika mimi. Alihudhuria mara mbili tu, mara ya kwanza mimba ikiwa miezi sita. Damu 7.1. Pembeni wameandika apewe vidonge. Vidonge vyenyewe tulivikuta kwenye kopo juu ya kabati, havijafika hata robo.

Msidhani nasema kwa uchungu wa msiba mmoja. Kuna utafiti mkubwa uitwao WOMAN-2, ulifanyika Tanzania, Zambia, Nigeria na Pakistan, matokeo yakatoka 2023. Walichukua wanawake zaidi ya 15,000 wenye upungufu wa damu waliojifungua kwa njia ya kawaida, wakajaribu kuwachoma baadhi yao sindano ya traneksamiki mara tu baada ya kitovu kufungwa, ili kuzuia damu isitoke nyingi. Dawa hiyo ni nzuri, mama akishaanza kutokwa na damu inaokoa maisha ikiwahi ndani ya saa tatu. Lakini kwa kukinga haikuleta tofauti. Na katika takwimu za utafiti huohuo, wale ambao damu yao ilikuwa chini ya 7 walikuwa na hatari ya kufa au kuponea chupuchupu kama mara saba ya wale waliokuwa juu kidogo ya hapo. Mara saba! Maana yake nini kwa lugha ya uani kwetu? Sindano ya dakika ya mwisho haizibi pengo la miezi tisa.

Na mtoto je? Mtoto tumboni anachota madini ya chuma kwa mama, na sehemu kubwa anaichota miezi mitatu ya mwisho. Akiba hiyo ndiyo anayoishi nayo miezi sita ya kwanza, kwa sababu maziwa ya mama, pamoja na uzuri wake wote, yana chuma kidogo. Mama mwenye upungufu mkubwa yuko kwenye hatari zaidi ya kuzaa njiti au mtoto chini ya kilo mbili na nusu. Halafu tunakaa kibarazani tunashangaa mbona katoto kanaumwaumwa, tunakafunga hirizi. Kuna jambo moja halina gharama hata senti: mtoto akitoka, mkunga asikimbilie kukata kitovu, asubiri dakika moja hadi tatu, damu iliyo kwenye kondo iingie kwa mwenyewe. Muulizeni mkunga kwa heshima, wengi wanalijua.

Haya, najua mtakayonijibu, nimezaliwa humo humo.

"Bibi zetu walizaa kumi bila vidonge." Kweli. Na muwaulize walizika wangapi. Kila ukoo wa kwetu una bibi aliyelelewa na mama mdogo kwa sababu mama yake "alifia uzazini". Tunawahesabu waliobaki, waliokufa hawana wa kuwasemea.

"Rozela inaongeza damu, ni nyekundu." Jamani, rangi! Fanta nyekundu nayo? Juisi ya rozela kunyweni mkipenda, na bitiruti kuleni, lakini mwenye 7.6 hatibiwi kwa juisi yenye kikombe cha sukari. Mchicha, matembele, kisamvu na mchunga wetu wa Tanga ni vizuri, vina chuma, ila chuma cha majani mwili unakichukua kwa shida. Kamulieni ndimu au ongezeni chungwa, kinaingia vizuri zaidi. Dagaa, samaki na nyama ndivyo mwili unavyovipokea kwa urahisi. Halafu mkimaliza mnafanya nini? Mnashushia chai ya rangi! Chai inakizuia chuma kisiingie. Sisemi mtu wa Tanga aache chai, nitapigwa mawe. Isogezeni tu, saa moja au mbili mbali na chakula na vidonge.

"Vidonge vinafanya mtoto awe mkubwa, atashindwa kutoka." Hapana. Na hilo la kumzuia mjamzito asile mayai eti mtoto atazaliwa kipara ni hapana mara mbili. Mmeona wenyewe nyumba ngapi kuku anachinjwa, minofu kwa baba na wageni, mjamzito anapewa shingo na mchuzi? Huyo ndiye anayejenga mtu mzima mwingine tumboni mwake!

"Vinatia kichefuchefu." Hili ni kweli, na nesi anayewaambia ni uvivu anakosea. Vinaweza kutia kichefuchefu, vikafanya choo kigumu na cheusi. Choo cheusi ni chuma tu, kisiwatishe. Anywe usiku kabla ya kulala, na chakula kidogo kama tumbo linakataa, maji mengi. Vikimshinda kabisa arudi kliniki aseme, asivifiche kabatini. Na kopo likae mbali na watoto, maana vidonge hivyo mtoto mdogo akivimeza vingi ni sumu.

"Anakula udongo, hamu ya mimba hiyo." Ule udongo unaouzwa sokoni, wengine wanauita pemba, ukiona mjamzito hawezi kuuacha mpelekeni apimwe damu. Mara nyingi hamu hiyo ni dalili ya upungufu wenyewe, na udongo ukiingia tumboni unazuia hata kile chuma kidogo alichokula.

"Mimba haitangazwi mapema, kuna macho." Kumwambia nesi siyo kutangaza. Hudhurio la kwanza linatakiwa kabla ya wiki 12, na kwa jumla yawe manane. Anayekwenda mwezi wa sita amebakiwa na miezi mitatu ya kujaza kibuyu kilichokuwa kikivuja tangu mwanzo. Mficha maradhi kifo humuumbua, mnaisema kila siku kwa wengine.

"Ni mapenzi ya Mungu." Mimi na nyie tunasali kwa Mungu huyohuyo. Ngamia anafungwa kwanza kamba, ndipo mtu anategemea. Tusimsingizie Mola kopo lililokaa juu ya kabati letu.

Na hii ya mwisho, najua ipo, mtaisema faraghani: "amekaa Ulaya ameanza kutudharau." Wala. Huku si peponi. Uingereza hii hii mwanamke mweusi ana hatari ya kufa kwa uzazi zaidi ya mara mbili ya mwanamke mzungu, ripoti zao wenyewe zinasema. Lakini niwaambie ninachokiona kazini. Mjamzito anapimwa damu mwanzo kabisa, anapimwa tena wiki ya 28, na ikiwa chini hakuna mtu anayemwambia "utazoea". Anapewa vidonge, anapimwa tena, visipofaa wanamleta wodini kwetu tunamtundikia dripu ya chuma, anarudi kwake na basi la jioni. Tena kila kifo cha mama kinachunguzwa, England na Wales wanafanya hivyo tangu 1952, wanauliza nini kingefanyika tofauti. Sisi tukimaliza kuzika tunauliza nani kaleta sufuria ya nani. Tofauti hiyo haihitaji mashine.

Nisiwaonee nyie peke yenu, serikali nayo isikie. Imefanya mengi, sikatai. Vifo vya uzazi katika tafiti za kitaifa vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015-16 hadi 104 mwaka 2022, na wauguzi wenzangu waliobaki nyumbani wanastahili heshima kwa hilo. Lakini huduma ya mjamzito ikisemwa ni bure, halafu akifika zahanati anaambiwa vidonge vimeisha kanunue, kipimo cha damu kimeharibika njoo mwezi ujao, hiyo bure ni ya nani? Na utaratibu wa kumdai mwanamke aje na mume ndipo ahudumiwe, au alete barua ya mwenyekiti wa mtaa... nia ilikuwa njema, baba naye apimwe. Ila mwenye mume mkaidi au aliyetelekezwa anaona aibu, anabaki nyumbani, miezi inakatika. Mlango wa kliniki usiwe na bawabu.

Na akina baba, msijifiche nyuma ya serikali. Nauli ya kliniki, chandarua kinachofungwa kila usiku, viatu vya kwendea shambani ili minyoo ya safura isimpande miguuni, hayo hayasubiri bajeti ya Dodoma. Wazee wetu waliita ugonjwa ule safura kwa sababu waliona mtu anapauka mpaka viganja, walijua kuna kitu kinamnyonya. Sisi wenye simu za kisasa ndio tunasema kawaida!

Kwa mama zangu makungwi nina ombi la pekee. Mnamfunda mwali wiki nzima jinsi ya kumtunza mume. Mpeni na siku moja ya jinsi ya kutunza damu yake: namba 11 aijue kama anavyojua jina la mavyaa wake, na apumzike angalau miaka miwili baada ya kuzaa kabla ya kubeba mimba nyingine, maana mwili unahitaji muda kurudisha ulichotoa. Mkisema nyie watasikia kuliko nesi.

Basi tufanye nini? Fungueni kadi ya kliniki ya kila mjamzito wa ukoo huu leo hii, mtafute palipoandikwa Hb. Pakiwa patupu, arudi apimwe. Ikiwa chini ya 11, aanze dawa na aulizwe chanzo: malaria, minyoo, selimundu ile mnayoita sikoseli, au chakula tu. Anywe kidonge kila siku, na dawa ya kukinga malaria anayopewa kliniki asiikatae. Apimwe tena baada ya wiki nne, mwenye damu ndogo sana mapema zaidi kama atakavyoelekezwa. Akihema juujuu akiwa amekaa, akizimia, au akitokwa na damu, hakuna kungoja kukuche, pigeni 115, ni bure. Na wanaume wawili wa kila nyumba waende Damu Salama wakatoe damu sasa, wakiwa hawana dharura. Mwanaume anaweza kutoa kila miezi mitatu, haimpunguzii uanaume.

Kuhusu yule binti yetu wa 7.6, nimeshaongea naye na mume wake, na nimewatumia nauli. Jumatatu wanakwenda hospitali ya wilaya, wasiishie zahanati. Arobaini nitachangia, harusi nitachangia, lakini kuanzia sasa mchango wangu wa kwanza kila mwezi ni wa waliobeba mimba, na anayeona nimekosea adabu aniandikie hapo chini, nitamjibu. Ila aanze kwa kuniambia damu ya mke wake ni ngapi.

Nawapenda. Naingia zamu.